Mpala, mji wa ukingoni mwa ziwa: ni nani aliyeujenga?



Siku moja, baada ya mafundisho ya komunyo ya kwanza, niliwasikia watoto wawili wakigombana nje ya kanisa. Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo, ulianzia kwenye mpira. Lakini mmoja wao, aliposhindwa kwa maneno, akamtupia mwenzake tusi hili: «Wewe nyamaza! Wewe si mtu wa hapa. Babu yako alinunuliwa kwa kitambaa.» Yule mwingine akanyamaza kweli. Akaokota kandambili zake, akaenda zake bila kulia.

Nikamwita aliyetukana. Nikamwuliza: «Ni nani aliyekufundisha maneno hayo?» Akanijibu bila hofu: «Mwalimu, ndiyo historia. Nyumbani wanasema hivyo.»

Basi niliporudi kwangu jioni ile sikupata raha. Maana mtoto yule hakusema uwongo mtupu. Ni kweli kwamba katika misioni za kwanza za pwani yetu waliishi watu wengi waliokombolewa kutoka utumwani, nao walikombolewa kwa vitambaa, maana vitambaa ndivyo vilivyokuwa fedha za siku zile. Kosa la mtoto ni jingine. Alikuwa anajua ukurasa mmoja tu wa kitabu, akaukunja ukurasa ule, akaufanya fimbo ya kumpigia mwenzake.

Kwa sababu hiyo nimeona vema leo tukisome kitabu chote pamoja. Nitatwaa habari za mji mmoja mdogo wa mpakani, Mpala, na za watu wake waliojulikana. Nanyi mnisikilize kwa uvumilivu, kwa kuwa mambo mengine yatatufurahisha, na mengine yatatuuma.

Mahali penyewe

Mpala ni mji mdogo kando ya ziwa Tanganika, kati ya Kalemie upande wa kaskazini na Moba upande wa kusini. Uko kwenye mdomo wa mto Lufuko, mahali ambapo mto unamwaga maji yake ziwani. Nyuma yake kuna milima ya Watabwa, mbele yake kuna maji. Mtu akisimama ufukoni asubuhi, haoni mpaka wowote. Anaona mitumbwi ya wavuvi na mawimbi. Hata hivyo mpaka uko. Nchi ya ng'ambo ni Tanzania, na karibu uso kwa uso na Mpala iko Karema, misioni ndugu yake.

Nasema ndugu kwa sababu. Miji hii miwili ilizaliwa na baba mmoja, ikalelewa na mlezi mmoja, kisha Wazungu wakaichorea mpaka katikati. Mipaka mingine hupita juu ya mlima au kando ya mto. Huu wetu ulipita katikati ya jamaa.

Jina la Mpala latoka wapi? Wengine hudhani ni jina walilolileta Wazungu, na wengine hudhani ni jina la misioni. Sivyo. Mpala ni jina la mtu. Ndiye chifu aliyekuwa akitawala mahali hapo kabla ya Mzungu wa kwanza kujenga nyumba. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: mji una jina la mwenyeji aliyempokea mgeni.

Bwana Boma

Mwaka 1876 mfalme Leopoldo II wa Ubelgiji aliwaita watu wengi wakubwa huko Brussels, wakaunda chama cha kuichungua Afrika. Walisema nia yao ni elimu na kuondoa biashara ya watumwa. Mwaka 1879 afisa wao mmoja, Cambier, akajenga kituo Karema, upande wa mashariki. Baadaye akaja afisa mwingine, Émile Storms. Huyu ndiye aliyevuka ziwa, na mwezi wa tano mwaka 1883 akaanza kujenga boma lake karibu na mto Lufuko. Chifu Mpala alimkubali, wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu kwa desturi ya nchi. Watu wakampa Storms jina la Bwana Boma.

Siku hizo nchi ilikuwa na hofu kubwa. Misafara ya wafanya biashara ilikuwa ikipita pande zote, ikitafuta pembe za ndovu na watu. Watu waliotekwa walifungwa kamba na minyororo, wakavushwa ziwani mpaka Ujiji, wakaenda kwa miguu Tabora, na wengine mpaka Bagamoyo na Unguja. Wala wawindaji wa watu hawakuwa wageni peke yao. Machifu wengine wa nchi hii walikuwa wakiuza jirani zao, wakapata bunduki na baruti. Mmoja wa hao alikuwa Lusinga, chifu mwenye nguvu milimani, aliyeogopwa mbali.

Bwana Boma na Lusinga hawakuweza kukaa nchi moja. Kila mmoja alitaka kuwa mkubwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1884 watu wa Storms walikiendea kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakateketeza na kuteka, wakarudi Mpala na kichwa chake. Storms alikihifadhi kile kichwa, pamoja na vichwa vya wakubwa wengine wawili. Aliporudi kwao akavichukua Ubelgiji kama mtu achukuavyo pembe za mnyama aliyewinda. Fuvu la Lusinga likapimwa na mtaalamu, likaandikiwa habari, kisha likakaa katika sanduku la makumbusho. Nayo sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, kazi nzuri sana ya mikono ya Watabwa, ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Storms alipanda cheo, akawa jenerali, akafa mwaka 1918. Huko Brussels wakamwekea sanamu katika kiwanja cha mji. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji likaeleza wazi habari za yale mafuvu, watu wakashtuka, na mwaka 2022 sanamu ya Storms ikaondolewa mahali pake.

Mtasema: «Mwalimu, kwa nini unatuletea habari za vichwa katika gazeti la dini?» Naleta kwa sababu wahenga walisema: mficha ugonjwa, kifo humwumbua. Lusinga aliuza watu, hilo ni ovu kubwa mbele ya Mungu. Lakini mtu aliyekuja akisema anaondoa ukatili, naye akakata vichwa na kuvifanya mapambo, hakuuondoa ukatili. Aliuhamisha mkono tu. Na Lusinga ana ukoo. Mkristu wa ukoo ule akisikia watu wakimsifu Bwana Boma kana kwamba alikuwa malaika, moyo wake hauwezi kutulia. Tukitaka akae nasi kanisani kwa moyo mmoja, yatupasa kusema yote mawili.

Mapadri na watu waliokombolewa

Mwaka 1885 mambo yaligeuka. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekutana Berlin kuzungumza habari za Afrika. Karema ikahesabiwa upande wa Wadachi, Mpala upande wa Leopoldo. Leopoldo sasa aliitazama njia ya mto Kongo, akapunguza nguvu zake upande wa ziwa. Storms akaamriwa kuviacha vituo vyake vyote viwili, na vikakabidhiwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwezi wa saba mwaka ule Padri Moinet na Padri Moncet walifika Mpala. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa vita ikawa nyumba ya sala.

Je, walifanya nini? Walifanya kazi ya Injili, nao walifanya pia kazi ambayo padri wa leo haifanyi: waliitawala nchi. Hapakuwa na serikali karibu. Watu waliokimbia wawinda watumwa walikuja kujificha kando ya misioni, na waliogombana walikuja kuamuliwa. Mapadri wakawa wachungaji na machifu kwa pamoja. Katika jambo hilo walisaidia wengi, lakini mzigo wa kutawala humzoesha mtu fimbo, na baadhi ya wazee wetu waliionja ile fimbo. Tuseme hilo kwa heshima, bila kulificha.

Hapo ndipo ulipo ule ukurasa wa mtoto wangu. Msafara ulipopita na watu waliofungwa, mapadri walitoa vitambaa na kuwakomboa hasa watoto, maana walikuwa dhaifu na wepesi kufa njiani. Watoto wale walitoka makabila mbalimbali, wengine mbali sana upande wa Manyema na kwingineko. Wengi hawakujua tena njia ya kwao, na wengine hata kwao hapakuwako tena, pamekuwa majivu. Wakalelewa misioni, wakafundishwa kusoma, kulima na kujenga. Walipokua wakaoana, wakapewa mashamba, vijiji vikaanza. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake, Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani. Kiswahili hiki ninachowaandikia leo, ninyi nanyi mnachosalia nacho, kililelewa kwa sehemu na vinywa vya watoto wale.

Fikirini vizuri hapo. Aliyemtukana mwenzake kuwa mjukuu wa watumwa alimtukana kwa lugha ambayo watumwa wale walisaidia kuikuza.

Kapiteni wa Mrumbi

Mwaka 1887 alifika Mpala Mfaransa mmoja mwenye ndevu, jina lake Ludovico Joubert. Watu walimwita Kapiteni. Alizaliwa mwaka 1842 nchini Ufaransa, na katika ujana wake alikuwa askari wa Baba Mtakatifu Pio IX. Kardinali Lavigerie alitaka mtu wa kuzilinda misioni za ziwa, maana mapadri hawashiki bunduki, na wawindaji wa watu walikuwa wakikaribia. Joubert alikubali, akaacha nchi yake.

Kapiteni aliwafundisha vijana wa hapa kushika zamu na kulinda vijiji. Mwaka 1888 akamwoa kwa ndoa takatifu msichana Mkristu Mwafrika, Agnes Atakaye. Kisha akahamia upande wa kusini, akajenga kijiji chake Mrumbi, walichokiita Mtakatifu Ludoviko. Alipigana vita vingi na watu wa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, na mara nyingine baruti ilikuwa karibu kumwishia. Kuanzia mwaka 1891 wakaja maafisa Wabelgiji kusaidia, na mwaka 1894 nguvu ya Rumaliza ikavunjika.

Vita vilipokwisha, watu walidhani Kapiteni atarudi Ulaya kupokea sifa. Hakurudi. Alibaki na mke wake na watoto wake, akilima, akiwatibu wagonjwa, akifundisha katekisimu. Akafa kwetu mwaka 1927, mzee wa miaka 85.

Ninampenda mtu huyu, lakini nawaomba msimpende kwa ajili ya bunduki yake. Bunduki ilikuwa lazima ya siku zile, na aliyeokolewa nayo hawezi kuidharau. Lakini Storms naye alikuwa na bunduki. Tofauti ya watu wawili hawa ni nyingine. Mmoja alikaa miaka michache, akaondoka na mafuvu. Mwingine alikaa miaka 40, akazikwa katika udongo wetu. Na hapo tusimsahau Agnes Atakaye. Habari za Kapiteni zimeandikwa katika vitabu vingi, za mke wake ni mistari michache. Lakini nyumba haisimami kwa kapiteni peke yake, na baadaye mtaona ni tunda gani lililotoka katika nyumba ile.

Mganga wa ng'ambo

Sasa tupande mtumbwi kidogo, tuvuke mpaka hadi Karema. Huko nataka mumwone mtu mmoja, kwa maana ndiye jibu la kwanza kwa mtoto wangu.

Jina lake Adriano Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa Timbuktu katika nchi ya Mali, karibu mwaka 1866. Alipokuwa mtoto mdogo aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko kaskazini Mapadri Weupe wakamkomboa. Ndiyo, wasomaji wapenzi: alinunuliwa. Wakamsomesha, kisha Kardinali Lavigerie akampeleka pamoja na vijana wengine katika kisiwa cha Malta wajifunze uganga wa Kizungu. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja ziwa Tanganika, na mwaka 1889 akafika Karema.

Hakutoka tena. Akawa mganga na katekista kwa pamoja, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni miaka 67. Alitibu vidonda, homa, meno, macho. Alitibu Wakristu na wasio Wakristu, machifu na maskini. Alioa binti wa nchi ile, naye mwana wao Yosefu akawa padri.

Basi mtoto aliyenunuliwa alikuwa mtu wa wapi? Wa Mali, ambako hakurudi? Wa Malta, alikosoma tu? Mwulizeni mama wa Karema ambaye mwanawe aliponywa usiku wa manane kwa mkono wake. Mama yule hatawajibu kwa jina la kabila. Atawaambia: «Alikuwa mganga wetu.» Na neno hilo moja, wetu, lina nguvu kuliko hati ya kuzaliwa.

Padri wa kwanza

Turudi upande wetu. Mwaka 1896 Padri Viktori Roelens, Mbelgiji, aliwekwa kuwa Askofu, wa kwanza katika nchi yote ya Kongo wa nyakati hizi. Makao yake yalikuwa Baudouinville, ambayo leo tunaiita Kirungu, huko Moba. Alikuwa mtu mkali, mwenye amri nyingi. Lakini alikuwa na wazo moja lililowashangaza Wazungu wengi wa siku zile: alitaka watoto wa nchi wawe mapadri. Mwaka 1899 akaanzisha seminari ndogo, naye akaianzisha Mpala. Ni mahali palepale alipojenga Bwana Boma, palepale kilipoletwa kichwa cha Lusinga miaka 15 tu nyuma.

Katika watoto waliosoma huko alikuwako mmoja aliyeitwa Stefano Kaoze. Miaka ya masomo ilikuwa mirefu, na Kilatini hakikuwa chepesi. Wenzake wengi walirudi nyumbani, yeye akaendelea. Nami niliyeonja seminari kisha nikaitwa kwenye kazi ya ukatekista, najua kidogo uzito wa njia ile. Kaoze alikuwa bado mwanafunzi alipoandika maneno yake juu ya fikira na tabia za watu wa Kibantu, nayo yakachapwa Ubelgiji kwa Kifaransa miaka ya 1910 na 1911. Ni miongoni mwa maandiko ya kwanza kabisa ya Mkongo kuchapwa kwa lugha ile. Wazungu walikuwa wamezoea kuandika juu yetu. Huyu kijana wa ziwa alikuwa ameshika kalamu mwenyewe.

Kisha ikaja vita kubwa ya 1914. Ziwa letu likawa uwanja wa mapigano. Wadachi walikuwa na meli zao ng'ambo, Wabelgiji na Waingereza wakazishambulia. Mpaka uliokuwa mstari wa karatasi tu ukawa mpaka wa mizinga. Watu waliozoea kuvuka na samaki wao wakaogopa maji ya baba zao. Mwaka 1916 Wadachi wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, huko Kigoma. Baadaye iliinuliwa, ikapewa jina la Liemba, ikasafiri miaka mingi.

Wakati Wazungu wangali wakipigana, tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens alimwekea Stefano Kaoze mikono. Akawa padri Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Wakati ule kulikuwa na Wazungu waliosema kwamba Mwafrika hawezi kushika Misale wala kuishi bila mke. Kaoze hakuwajibu kwa ugomvi. Alisoma Misa kila siku miaka 34, akaongoza misioni, akafundisha, akakusanya habari za desturi za wazee. Katika miaka yake ya mwisho akaitwa hata katika baraza kubwa la serikali ya koloni ili aseme kwa ajili ya Waafrika. Alifariki mwaka 1951.

Hilo ni jibu la pili kwa mtoto wangu. Mwenyeji wa kweli hajulikani kwa kumkataza mgeni asikae. Hujulikana kwa kuinuka na kuibeba kazi.

Mwana wa Kapiteni

Limebaki jibu la tatu, nalo ni zito kuliko yote.

Mwaka 1908, huko Mrumbi, Kapiteni Joubert na Agnes Atakaye walipata mtoto mwanamume, wakamwita Alberto. Siku za ukoloni mtoto kama huyu hakuwa na mahali pepesi. Wazungu hawakumhesabu kuwa mwenzao, nao Waafrika wengine walimtazama rangi yake kabla ya kumsikiliza. Kama ni tusi la «wewe si wa hapa», yeye angeweza kutupiwa kutoka pande zote mbili. Alberto akachagua mahali pake. Akawa padri, akawatumikia watu wa ukingo huu wa ziwa.

Mwaka 1964 uasi uliwaka mashariki mwa Kongo. Padri Alberto alikuwa Fizi, pamoja na mapadri Waksaveri kutoka Italia. Alikuwa na miaka 56. Hatari ilionekana wazi, na wamisionari wengi walikuwa wameuawa au wamekamatwa pande nyingine. Wao walibaki na Wakristu wao. Tarehe 28 Novemba 1964 watu wenye silaha walifika kwanza Baraka, wakawaua Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin. Siku ileile wakaenda Fizi, wakamwua Padri Giovanni Didonè na Padri Alberto Joubert.

Baba alikuwa ameulinda mji kwa bunduki, mwana alikufa mikono mitupu. Nasi tunajua ni yupi kati yao Kanisa limemweka altareni. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Ambongo aliwatangaza wale wanne kuwa wenye heri, kwa jina la Baba Mtakatifu Fransisko. Mwitalia mmoja, wa pili, wa tatu, na mwana wa Agnes Atakaye wa Mrumbi. Mwenye Heri Alberto anaombwa sasa na watu ambao hawaulizi alikuwa mtu wa kabila gani.

Tufundishe nini watoto wetu?

Sasa tulirudie swali la mwanzo. Ni nani aliyeujenga mji huu? Chifu Mpala alitoa mahali na jina. Storms alijenga boma, akaacha jeraha. Mapadri walileta Injili, pamoja na fimbo yao. Watoto waliokombolewa walilima, wakajenga, wakatulelea lugha. Kapiteni alilinda, na Agnes akalea. Atiman aliponya ng'ambo, Kaoze aliandika na kusali, Alberto alitoa damu. Ukimwondoa mmoja, kitabu kinapungua. Ukimsifu mmoja na kumtukana mwingine, hujasoma kitabu, umekirarua.

Tena tujiulize jambo jingine, hasa sisi wa ukingo huu. Katika vita vya 1996 na 1998 watu wengi sana wa pwani yetu walivuka maji kwa mashua, usiku, na watoto mgongoni, wakaenda kukaa katika kambi za Kigoma. Wengine kutoka Moba walikwenda Zambia. Huko tulikuwa wageni. Tulikula chakula cha kupimiwa, tukangoja watu wengine waamue kama tunaweza kukaa. Ni nani kati yetu mwenye jamaa ambayo haikuwahi kuwa ngeni mahali? Mkaa mpakani asicheke mgeni. Kesho upepo wa ziwa hugeuka.

Wazazi wapenzi, historia mtoto huijifunza jikoni na kando ya moto kabla ya kuijifunza shuleni. Mkiisema nusu, ataitumia kama kijana wangu alivyoitumia. Basi semeni yote. Msione haya kusema kwamba mababu wengine walinunuliwa. Aibu ni ya aliyeuza, si ya aliyeuzwa. Msifiche kwamba wengine wetu tuna damu ya wale waliouza. Mungu hahukumu wajukuu kwa bunduki za mababu, ila anatazama kama wanashikilia majivuno yao. Na msiwafundishe watoto kuichukia Ubelgiji kwa ajili ya mafuvu, wala kuisifu kwa ajili ya shule. Wafundisheni kusema: hili lilikuwa jema, hili lilikuwa ovu.

Mimi nami nilikuwa na kazi ya kumalizia. Jumapili iliyofuata niliwaweka wale watoto wawili benchi moja, nikawasimulia habari za Adriano Atiman, toka jangwani mpaka Karema. Sikumtaja aliyetukana wala aliyetukanwa. Nilipomaliza, yule wa kwanza akauliza polepole: «Mwalimu, kumbe huyo mganga naye alinunuliwa kwa kitambaa?» Nikajibu: «Alinunuliwa.» Akatazama chini. Kisha akasogea kidogo upande wa mwenzake, akampa nusu ya muhogo aliokuwa ameufunga katika karatasi.

Hakuomba msamaha kwa maneno. Nami sikumlazimisha. Waliondoka pamoja kuelekea ziwani, na mpira wao ulikuwa mikononi mwa yule aliyetukanwa.

Mwenye Heri Alberto Joubert, utuombee, sisi na wa ng'ambo.